Lundo Lililopoa Kabla ya Kuiva

Watu walimwita Bi Lundo, na hakukasirika. Wenzake waliitwa mama wa fulani na mke wa fulani, yeye akaitwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyorundikwa nyuma ya nyumba yake, na akatembea na jina hilo kifua mbele. Lundo alilianza mwaka aliofiwa na mumewe. Tangu hapo hapakupita mwaka bila lundo. Leo moja linapelekwa shambani, kesho lingine linaanzwa palepale.

Kulitengeneza alijua yeye. Samadi tabaka, majani makavu tabaka, majivu kiganja kimoja, maji ya kulowesha tu. Kisha anachomeka kijiti kirefu mpaka katikati ya lundo na kukiacha humo. Asubuhi anakichomoa na kukibandika shavuni. Kikiwa cha moto, lundo linapika, ligeuzwe, lirudiwe. Kikitoka kimepoa, mbolea imeiva. Kwa kawaida ilichukua miezi mitatu, na mwenye haraka alifukuzwa. Jirani mmoja aliwahi kuja na toroli kabla ya wakati, akarudi nalo tupu na maneno juu.

"Mbolea mbichi inaunguza mizizi," Bi Lundo alimwambia. "Ukitaka kuunguza, kaunguze kwako."

Alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, mwanamke wa makamo ambaye Bi Lundo bado alimwona mtoto. Huyo alikuwa amekaa miaka minne kwenye orodha ya ushirika akisubiri kipande cha shamba la bondeni. Mwaka huo akakipata. Sheria ya ushirika ilikuwa fupi: msimu wa kwanza ni wa majaribio. Bwana shamba anakuja kukagua, na mazao yakiwa mabaya kipande kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Mdogo mtu akaamua kupanda kabichi.

"Dada, mbolea nakutegemea wewe," alisema.

"Sasa ungemtegemea nani? Wewe chimba mashimo. Mengine niachie."

Lakini mwaka huo majani makavu yaliadimika. Jua lilikuwa limewaka mno, na ng'ombe wawili wa Bi Lundo walikuwa wamemaliza kila unyasi uliokuwa karibu. Seremala aliyekuwa na karakana mtaa wa pili akamwonea huruma. Karakanani kwake maranda, yale makapi yanayodondoka mbao zikipigwa randa, yalikuwa yamefika dirishani.

"Chukua, shangazi. Chukua yote, utakuwa umenifagilia."

Akachukua magunia kwa magunia. Akayatandika bandani mwa ng'ombe, na sakafu ikawa kavu mpaka akatamani kulala hapo mwenyewe. Yakishalowa aliyatupa kwenye lundo. Lundo likapanda likampita kimo, na akapita akilitazama kama mtu anayetazama nyumba mpya.

Wiki ya tano alichomoa kijiti. Kimepoa. Akakibandika shavu la kulia, akakibandika la kushoto. Baridi. Juu lundo lilikuwa jeusi tii. Akacheka peke yake. Lundo limewahi! Kijiti hakikuwahi kumdanganya, na siku hiyo kilimwambia lile alilotaka kusikia, maana miche ya mdogo wake ilikuwa imeshakua kupita kiasi kitaluni. Kesho yake walipeleka toroli kumi na nane bondeni, wakafukia, wakapanda.

Wiki ya tatu kabichi zikaanza kugeuka rangi. Majani ya chini kwanza, njano iliyopauka, kisha ya juu yake. Zikadumaa. Kwenye vipande vya majirani kabichi zilikuwa zinafunga, za mdogo mtu zilikaa kama zimesusa.

"Unazimwagia maji mengi," Bi Lundo alisema.

"Namwaga kama wenzangu."

"Basi mbegu. Uliuziwa mbegu ya nani sijui."

"Mbegu tuligawana na jirani, Dada. Tazama zake." Mdogo mtu akanyoosha mkono. "Kitu kimoja tu ndicho yeye hana na mimi ninacho. Mbolea yako."

"Mbolea yangu?" Bi Lundo akajishika kiuno. "Nimeanza kutengeneza mbolea wewe ukiwa unalia ubebwe."

"Na leo nalia tena. Wiki nne, Dada, bwana shamba anakuja. Kijiti chako hakina macho."

Hilo neno lilimchoma. Aliondoka bila kuaga, akasusa siku mbili. Siku ya tatu alishuka bondeni saa ambayo mdogo wake alikuwa amekwenda kanisani, akapiga magoti kwenye mstari wa kwanza na kufukua kwa vidole chini ya kabichi moja. Chini ya weusi ule maranda yalikuwa vilevile, meupe, yamejikunja, kama yametoka kwenye randa jana. Akafukua nyingine. Na nyingine. Akakaa chini kwenye udongo.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa bwana shamba. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, benchi, meza iliyopachikwa tofali mguu mmoja, na vifuko vya udongo vilivyoandikwa namba vimepangwa dirishani. Bwana shamba alikuwa kijana wa kuweza kuwa mjukuu wake.

"Kuna jirani yangu," Bi Lundo alianza. "Ametia maranda mengi kwenye lundo. Lundo likapoa mapema, akadhani limeiva. Sasa kabichi zimekuwa njano."

"Pole yake. Huyo jirani anakaa wapi nikamwone?"

"Hapendi wageni."

Bwana shamba akainamia daftari kuficha uso. "Mwambie hivi, bibi. Joto la lundo linatoka kwa vidudu visivyoonekana, vinakula na kufanya kazi. Lakini ili viweze kula vinataka naitrojeni, ile ile inayofanya majani yawe kijani. Samadi inayo. Maranda karibu hayana kitu. Akitia maranda mengi, vidudu vinashindwa kazi, lundo linapoa kwa njaa."

"Kwa njaa," Bi Lundo akarudia taratibu.

"Ndiyo. Kisha akaupeleka mzigo wote shambani. Kule vidudu vikakuta naitrojeni ya udongo, vikaikomba ili viyale maranda. Kabichi imebaki inatazama wenzake wakila."

Bi Lundo alikuwa na swali moja tu, na kuliuliza ni kukubali.

"Na kama huyo jirani ni mimi?"

"Basi nafurahi umekuja mapema," alisema bwana shamba, na hakucheka. "Ng'ombe wako mkojo wao unakwenda wapi?"

"Unakwenda mtaroni. Ungekwenda wapi?"

"Huo ndio wenye naitrojeni nyingi, na mmea unaipata upesi. Ukinge. Jagi moja la mkojo, majagi kumi ya maji. Mwaga pembeni ya shina, jani lisiguswe. Mara mbili kwa wiki."

Alirudi nyumbani na hasira ya aina yake. Miaka yote ile alikuwa analinda samadi kama mboni ya jicho, na kilicho bora kikimpita miguuni kwenda mtaroni! Akatengeneza mfereji wa saruji bandani, akafukia ndoo mwisho wake. Asubuhi ndoo ikajaa. Akaibeba mwenyewe mpaka bondeni, begani kitambaa, puani hana habari.

Mdogo wake akamkuta anamwagilia.

"Nini hicho kinanuka hivyo?"

"Dawa. Shika jagi."

"Dawa ya nini? Si ulisema ni mbegu?"

Bi Lundo akaendelea kumwaga, shina moja, shina jingine. "Shika jagi, we mtoto wa mama."

Mdogo wake akashika. Wakamwaga wiki tatu, mara mbili kwa wiki. Majani mapya yalitoka kijani, na kabichi zikaanza kufunga, ndogo lakini ngumu. Ila mistari mitatu ya mwisho, pale walipofukia mbolea ya chini ya lundo, maranda matupu, ilikataa. Ikabaki njano mpaka siku ya ukaguzi.

"Tuing'oe," alisema mdogo mtu asubuhi hiyo. "Tuseme hatukupanda huko."

"Atahesabu mashimo."

"Basi nitasema mbegu. Wewe mwenyewe ulisema."

Bwana shamba alifika na daftari, na nyuma yake wenye vipande vingine, na yule anayefuata kwenye orodha, mwanamume mpole aliyeshika kofia mikononi. Wakapita mstari kwa mstari. Mbele ya ile mitatu wakasimama.

"Mvivu wa kupalilia," mtu mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Mdogo mtu akafungua mdomo. Bi Lundo akasogea mbele yake.

"Huyu hakufanya kosa," alisema. "Mbegu ni nzima, palizi mnaiona. Mbolea ilikuwa yangu, na ilikuwa mbichi. Nilitia maranda mengi, lundo likapoa, nikasema limeiva. Mimi."

Watu walimwangalia. Jirani wa toroli, aliyewahi kurudishwa tupu, alikuwepo na aliguna. Bi Lundo akamsikia, akamwacha.

"Mtu akitaka kucheka acheke sasa," akaongeza, "nina kazi nyumbani."

Hakucheka mtu. Bwana shamba akahesabu mistari iliyofunga, akahesabu iliyokataa, akaandika kwa muda. "Kumi na saba kwa mitatu," alisema. "Kipande kinabaki. Mitatu hiyo ipandwe kunde msimu ujao." Mwanamume mwenye kofia akaitikia kwa kichwa, akaivaa, akaondoka.

Njiani dada wawili walitembea mpaka kwenye kivuko cha mtaro.

"Kesho nakuja tugeuze lundo," alisema mdogo mtu. "Na kuanzia sasa, kabla hatujapeleka, nafukua mwenyewe nione ndani."

"Unanikagua?"

"Nakukagua."

Bi Lundo akapiga hatua kadhaa. "Basi uje asubuhi," alisema. "Na maranda, gunia moja tu, kwa toroli nne za samadi."

"Tano."

"Nne."

"Tano, Dada."

"Haya, tano. Ila uma wa kugeuzia unaleta wako."