Skrini ya Kulia

Jumamosi tuliyomaliza matanga ya mume wangu, ofisini iliondoka skrini ya kulia.

Tulikuwa na duka la picha hapa Ushirombo, kompyuta moja yenye skrini mbili. Ya kushoto ilikuwa ya kazi. Ya kulia mume wangu aliwageuzia wateja, waone video za harusi zao akiwa bado anazikata. Asubuhi ile, wakati wa kugawa vitu vya marehemu, mdogo wake alipewa koti na saa. Akasimama mbele ya wazee akasema, "Ofisi ya shemeji yangu isiguswe na mtu. Atakayeigusa ataniona mimi." Mama mkwe alilia, akamwambia wabeja, asante ya Kisukuma. Mimi pia nilimshukuru. Jioni, nikiwa naosha masufuria ya msiba, aliifungua ofisi kwa ufunguo niliompa mwenyewe ili atoe viti, akaifunga skrini nyuma ya pikipiki, akaenda zake machimboni Geita.

Niligundua siku niliyorudi kazini. Sikulia. Niliona nitaweza kufanya kazi na moja.

Kisha nikafungua video fupi tuliyojirekodi pale ofisini, mimi, mume wangu na huyo mdogo wake. Ndiyo ya mwisho yenye uso wa marehemu. Picha haikutokea. Chini ya skrini alama iliwaka kuonyesha kwamba imefunguka, na sauti yake ikaanza: "Jamani, sogeeni, mwanga uko huku." Nikafunga, nikafungua. Nikazima kompyuta, nikawasha. Ilikuwa sauti tupu. Video zote mume wangu alizoea kuziweka kulia, na kompyuta ilikuwa bado inazipeleka kulekule, mahali ambapo sasa palikuwa na ukuta tu.

Nilimpigia shemeji.

"Shemeji, niazime ile skrini siku moja tu."

"Si unayo nyingine? Au siku hizi unaangalia kwa macho manne?" Nyuma yake watu walikuwa wanashangilia mpira. "Afadhali umepiga. Waya wake wa umeme niliusahau, huku natumia wa kuazima. Mpe bodaboda aniletee."

"Ulisema ofisi isiguswe."

"Nilisema isiguswe na mtu. Kwani mimi mtu baki?"

"Waya njoo uuchukue mwenyewe."

Akakata simu. Hajaja, na waya bado umening'inia pale ukutani.

Nikampigia fundi wa Shinyanga aliyetuuzia kompyuta, nikamweleza.

"Pole, mama. Dirisha la video lipo, ila limefungukia pasipo na kioo," alisema. "Bonyeza Alt pamoja na kile kitufe kirefu cha chini. Achia. Sasa herufi M. Haya, shikilia mshale wa kushoto, usiwe na haraka, litakuja."

Nikashikilia. Kwanza ulitokea ukingo wa dirisha, kisha bega langu na kitenge changu cha bluu, kisha mimi mzima, nacheka. Halafu yeye. Sikio, shavu, macho yote mawili. Begani kwake vikatokea vidole vya mdogo wake, aliyesimama upande wa pili akiwa amemkumbatia. Shemeji mwenyewe alikuwa bado yuko nje ya skrini.

Nikauachia mshale.