Shavu la Bibi Sindano

Saa moja asubuhi, kabla cherehani ya kwanza haijaanza kulia, Bibi Sindano anaokota gauni na kulipitisha pindo shavuni, taratibu, macho kafumba. Mgeni angedhani anaibusu nguo. Kumbe anakagua kazi.

Ana miaka sitini na tisa, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza hii, akishona mapindo na kutia vifungo kwa mkono. Vidole, anasema bila kuficha, vimestaafu kabla yake. Hariri na pamba kwake siku hizi ni mamoja. Mkasi anaushika kwa mikono miwili, na chupa ya maji anafunguliwa na wenzake.

Aibu ilimfika mwaka juzi. Sindano ilimchoma kidole, asisikie. Alipoinua macho, gauni la bi harusi lilikuwa na matone ya damu kifuani, na harusi yenyewe kesho.

"Zamani ningeruka na kutukana," anasema huku akicheka. "Siku ile hata 'aa' sikusema. Damu ndiyo iliyoniambia."

Mwenye duka ni mtoto wa kaka yake, na sindano alifundishwa na yeye huyu shangazi. Akamhamishia kwenye pasi. Jamani, pasi! Haikupita wiki akaungua kiganja, akashtushwa na harufu. Basi mpwa akamwomba, kwa adabu zote, mwezi ukiisha akapumzike nyumbani.

Iliuma kuliko sindano. Lakini siku moja, akijifuta jasho kwa kipande cha kitambaa, shavu likamwambia jambo ambalo vidole vilikuwa vimeacha kusema: hii ni hariri. Akajaribu pamba, akajaribu mshono uliolegea. Shavu lilijua vyote.

Siku yake ya mwisho, magauni thelathini ya watoto wa shule yalikuwa tayari, yamekaguliwa na mafundi wawili vijana. Akaomba ayapitie. Wenzake wakakonyezana. Gauni la kumi na tisa likamkwaruza. Akafumua pindo mbele yao: ncha ya sindano ya cherehani, imevunjika na kushonewa humo humo.

Mpwa aliichukua ile ncha. "Ingemchoma mtoto wa watu," alisema. "Shangazi, nisamehe. Huondoki."

Tangu hapo hakuna nguo inayotoka bila kupita shavuni kwake. Sindano bado anashika, ila sasa vidole vitatu vimevaa subana, vile vikofia vya chuma. Vijana wanapomtania, jibu analo: "Ng'ombe hazeeki maini, na mimi sizeeki shavu."

Mwakani anatimiza sabini, na gauni la siku hiyo ameshaanza kulikata.

"Lina vifungo kumi na viwili mbele," anasema. "Nitavitia mwenyewe na nitavifunga mwenyewe, hata kama itanichukua asubuhi nzima. Wageni watasubiri."