Simba Tuliyemtazama Bila Kumwona

Nianze na sisimizi, kwa sababu ndio walionichelewesha kazini mara tatu ndani ya mwezi mmoja.

Uani kwangu, hapa Karatu, kuna bomba lenye sinki la saruji, na kwenye ukingo wa sinki hilo sisimizi wana barabara yao. Inatokea kwenye ufa wa ukuta, inaikwepa sabuni ya mche, kisha inateremka kuelekea jikoni kwa mke wangu. Nilikuwa nasimama pale kila asubuhi na mswaki mdomoni. Anayekwenda akikutana na anayerudi, lazima wasimame, wagusane vichwa, ndipo kila mmoja ashike njia yake. Hapiti mtu bila kusalimia, hata awe amebeba mzigo unaomzidi mwili. Nikaanza kuwawekea punje ya sukari ili nione kikao cha kuibeba, huku povu la dawa ya meno likinichuruzikia kwenye shati la kazi.

Sikuishia hapo. Nilimgundua kuku wetu mwekundu, ambaye kila akinywa funda moja la maji anainua kichwa na kuangalia juu, funda jingine, juu tena, na hajawahi kuruka hata funda moja. Niligundua kwamba punda wanaopita na madumu ya maji wana kope ndefu kuliko maharusi wote wa mtaani kwetu. Siku moja nilisimamisha gari katikati ya barabara ya vumbi kumpisha kinyonga. Kinyonga hana haraka. Ananyanyua mguu, anautikisa, anaurudisha, anawaza, ananyanyua tena. Nyuma yangu bodaboda wawili walipiga honi na kunitukana kwa lugha mbili, Kiswahili na Kiiraqw, na mimi nilifurahi kupita kiasi.

"Baba watoto," mke wangu aliniuliza, "una miaka hamsini na nne, unaongea na kuku?"

Nikamwambia siongei naye, namtazama tu. Nilikuwa naongea naye pia.

Jambo ambalo sikumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote ni kwamba nilikuwa nayatazama ya karibu kwa sababu ya mbali yalikuwa yamefutika. Yalianza kufifia taratibu, tangu mvua za vuli. Kwanza ikapotea miti ya mlimani, ikabaki rangi ya kijani tu. Kisha zikapotea sura za watu walio ng'ambo ya barabara. Jirani angenipungia mkono nami nisijue ni yeye, kwa hiyo nikaamua kumpungia kila kitu chenye kimo cha mtu. Kwa utaratibu huo nimewahi kulisalimia kwa heshima zote koti la mvua lililoanikwa kwenye uzio.

Nisingejali sana kama ningekuwa fundi viatu. Lakini mimi ni dereva wa watalii, na dereva wa watalii analipwa kwa macho yake. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiwashusha wageni ndani ya kreta ya Ngorongoro na kuwaonyesha faru aliyeko kilomita mbili, ambaye wao wanamwona jiwe mpaka jiwe litikise sikio. Wageni hupiga makofi. Sitaki kudanganya, nilikuwa nayapenda makofi yale kuliko chakula. Nilijivuna mpaka wenzangu walikuwa wanasema macho yangu yana betri.

Sasa bosi wetu akatangaza kwamba kabla msimu mkubwa haujaanza, madereva wote tutapimwa macho. Atakayeshindwa, ataacha usukani. Nilicheka pamoja na wenzangu, nikasema habari njema hiyo, kisha nikaenda kwenye kituo cha afya nikajifanya naulizia dawa ya minyoo. Nikapiga picha kwa siri ubao wa herufi uliotundikwa ukutani. Nikaukariri wote, mpaka mstari wa chini kabisa, nikiwa namlisha mbuzi. Mbuzi yule alikuwa tayari kwa mtihani kuliko mimi.

Utajiuliza niliwezaje kufanya kazi miezi yote hiyo. Ni rahisi kuliko unavyofikiri. Kwanza, kule juu ukingoni mwa kreta kuna ukungu, na ukungu ni rafiki wa mtu asiyeona, kwa sababu ukiwepo sote tunakuwa sawa. Pili, kuna redio ya gari, ambayo kwayo madereva tunapeana habari za wanyama siku nzima. Tatu, na hii ndiyo siri kubwa, kuna desturi yetu sisi wenyewe. Gari moja likisimama kreta, la pili linasimama kuangalia la kwanza linaangalia nini, na la tatu linasimama kwa sababu mawili yamesimama. Kwa hiyo sikuhitaji kumwona simba. Nilihitaji kuyaona magari yanayomwona simba, na magari ni makubwa. Nilikuwa nafika, najipanga kwenye foleni, nachungulia kamera za wageni wa gari la mbele zimeelekea wapi, kisha nanyoosha kidole kule kule na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemgundua yeye: "Simba. Dume."

Halikuwa jambo la kuchekesha, najua. Nilikuwa nimebeba roho za watu. Nilikuwa naendesha polepole mno, mpaka magari ya maji taka yananipita. Nilikuwa naogopa. Sikujua ningekuwa nani kama nisingekuwa yule mwenye macho ya betri.

Mwishoni mwa mwezi wa tano nilipewa mgeni mmoja tu, bibi wa miaka sabini na kitu, aliyekuja peke yake na fimbo ya kutembelea na kofia kubwa ya jua. Nilimpenda tangu getini. Kila nilichomwonyesha alishangilia. "Pundamilia kulia." "Oo, wazuri ajabu!" "Nyati, kule chini ya mlima." "Wakubwa ajabu!" Nikasema moyoni, huyu ndiye mgeni wa kufungia hesabu za maisha.

Saa nne asubuhi redio ikasema kuna simba dume karibu na kijito. Tukaenda. Magari matatu yalikuwa yanaondoka tulipofika, nikajipongeza kwamba tumepata nafasi nzuri. Nikakisia mahali, nikanyoosha kidole kwenye nyasi ndefu, nikamwambia amelala, aangalie zile nywele za shingoni zinavyopepea.

"Namwona!" akasema. "Mungu wangu, ana uso wa huzuni!"

Huo uso wa huzuni ulinitisha kidogo, maana mimi niliona nyasi tu. Lakini nikajiambia mgeni ameona, nami ni nani nimpinge mgeni. Nikaongeza kwamba simba huyu ni mzee, ana kovu puani. Akasema analiona kovu. Akapiga picha kama thelathini. Nikamwambia sasa anapiga miayo. Akasema meno yale, jamani, meno yale! Tulikaa pale dakika ishirini tukimsifu, mimi nikitunga na yeye akiitikia, na nilianza kuamini kwamba labda ni kweli yupo.

Ndipo gari la mwenzangu mmoja likaja upande wa pili, likasimama ubavuni kwangu. Akateremsha kioo.

"Oya mzee baba, mnaangalia nini hapo?"

"Simba," nikasema, kwa Kiswahili, bila kugeuka.

"Simba gani tena? Huyo si alishavuka kijito kitambo? Amelala kule nyuma yako, karibu na gari la njano. Hapo pana nyasi tu, mzee."

Akaondoka akicheka. Nikashukuru kwamba mgeni hajui Kiswahili. Lakini bibi yule alikuwa ameshageuza kichwa, na watu wa kigeni wanaokuja huku wote wanalijua neno simba. Alikuwa ameuona mkono wa mwenzangu, hapo ubavuni kwetu, ukionyesha nyuma.

"Hayupo pale, au sivyo?" akaniuliza.

"Hayupo, mama," nikasema.

"Wewe ulimwona?"

"Hapana. Wewe je?"

"Hata kidogo," akasema.

Tukatazamana. Kisha bibi yule akaanza kucheka, kicheko cha kukwama, kinachotoka puani kwanza, na mimi nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka kofia yake ikaanguka chini ya kiti. Alisema toka asubuhi haoni chochote zaidi ya boneti ya gari. Alikuwa amesafiri mbali sana kuja kuona wanyama kabla macho hayajazima kabisa, akakuta amechelewa, na aliona aibu kuwavunja moyo wanaomwonyesha. Nchi nzima, akasema, alikuwa anashangilia hewa. Nami nikamweleza habari za foleni ya magari, akacheka upya, akaniomba nimrudie ile ya kovu puani.

"Sasa tufanye nini?" akauliza. "Siku bado ndefu."

Nikafungua mlango kidogo kuangalia chini, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona pale kwenye udongo yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi. Alikuwa na donge la mavi ya nyati kubwa kuliko yeye, analisukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, anarudi kinyumenyume. Nikamsaidia bibi kusogea mlangoni. Alilala kifudifudi kwenye kiti, shingo nje. Huyo alimwona. Alimwona mpaka vinyweleo vya miguuni. Donge lilipoingia kwenye alama ya tairi likambwaga mwenyewe, sote wawili tukapiga kelele. Alipanda, akaanguka. Akapanda tena. Bibi akaanza kumtia moyo kwa lugha yao, mimi kwa ya kwetu.

Sikumbuki ni gari gani lilisimama kwanza. Nilipoinua kichwa yalikuwa sita, na vumbi la mengine linakuja. Paa zote zimefunguliwa, wageni wamesimama na kamera, na redioni wanaulizana.

"Mzee, umekamata nini?" mmoja akaita.

"Mdudu," nikasema.

"Acha hizo, mzee. Ni chui?"

"Mdudu wa mavi!"

Akaniambia nisiwe na roho mbaya, mnyama ni wa wote. Hakuna aliyeniamini hata mmoja. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kujipanga, maana mwenye macho ya betri hawezi kusimama nusu saa kwa ajili ya mdudu. Nilihesabu magari kumi na moja. Mdudu wetu alipopanda na kulivusha donge lake upande wa pili, bibi yule akapiga makofi kwa nguvu zote, na wageni wa magari yote kumi na moja, bila kujua kitu, wakapiga makofi pia.

Nilimrudisha hotelini saa kumi jioni. Alipokuwa anashuka akanishika mkono, na safari hii hakuwa anacheka. Aliniambia alificha miaka mitatu. Daktari wake alimwambia kwamba angesema mapema, macho yangetibika. "Mimi niliona aibu," akasema. "Usinifuate kwenye hilo." Kisha akaondoka, akigongagonga njia kwa fimbo yake, na mimi nikakaa ndani ya gari mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama limeharibika.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado halijatua. Mke wangu alikuwa uani anachambua maharage. Nikasimama mbele yake na kofia mkononi, nikasema kwa mkupuo, kama mtoto aliyevunja sahani, "Mama watoto, sioni. Mbali sioni. Tangu vuli."

Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Aliweka ungo chini, akasimama, akanishika mabega, akaninyoosha vizuri kama mtu anayesimamisha nguzo.

"Hapa unaniona?"

"Nakuona."

Akarudi nyuma hatua moja. "Na hapa?"

"Nakuona. Una ganda la harage kwenye kitambaa."

Akaendelea kurudi nyuma, hatua kwa hatua, anapita sinki, anampita kuku, na kila hatua anauliza na hapa, na mimi namjibu nakuona, tunaanza hata kucheka kidogo, maana alikanyaga bakuli la kuku likapinduka. Kwenye hatua ya kumi na moja akauliza, na mimi nikakawia kujibu. Niliona kitenge, niliona kwamba ni mtu. Uso ulikuwa umeondoka.

"Hapo basi," nikasema. "Hapo sikuoni uso."

Hakuuliza tena. Alisimama pale pale. Sikuweza kujua kama anacheka au analia, na yeye alijua siwezi, akabaki pale kwenye hatua ya kumi na moja mpaka alipomaliza.