Mtindi wa Asubuhi

Miaka mingi kabla mkono wa mama haujaanza kutetemeka, tumbo lake lilikuwa limegoma. Nyumbani tulilifanya mzaha. Mama akienda msalani, tulisema maharagwe yataiva kabla hajatoka. Alikula mapapai, alikunywa maji ya moto na mizizi ya kila aina kutoka kwa majirani, na bado zilipita siku nne, siku tano, bila nafuu. Mimi, kitinda mimba wake, ndiye niliyekuwa bingwa wa kumtania. "Mama, umehamia huko? Tukuletee kitanda?" Naye alicheka kutoka nyuma ya mlango. Kicheko kile kinanichoma sasa, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza kama anaumia.

Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kujichezea chenyewe, kama mtu anayepitisha punje za rozari. Ukafuata mkono mzima. Hatua zikawa fupi, sauti ikashuka, uso ukaacha kucheka hata pale ambapo moyo wake ulicheka. Nilimpeleka kwa daktari mmoja hapa Gisenyi, mji wetu wa mpakani na Kongo, mtu aliyerudi kutoka Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Mama alizaliwa Masisi na kulelewa na Kiswahili cha Kongo, ndicho tunachozungumza naye hadi leo. Aliniinamia sikioni. "Huyu anasema kama redio."

Daktari alituambia ni ugonjwa wa Parkinson. Kisha akauliza jambo nisilolitegemea: choo anapata? Kimefunga tangu lini? Mama aliona haya akatazama sakafu, nikajibu mimi. Daktari akaeleza kwamba siku hizi watafiti wanalitazama sana tumbo. Ndani ya utumbo wetu wanaishi bakteria wasiohesabika, na wale wa watu wenye ugonjwa huu wameonekana kutofautiana na wa watu wengine. Wapo wanaofikiri kwamba kwa baadhi ya wagonjwa maradhi huanzia huko, yakapanda kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na kufunga choo kunaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka.

"Lakini hilo bado linachunguzwa," alisema. "Sina dawa ya bakteria ya kumpa mama. Nina vidonge hivi. Ameze kwa maji, nusu saa kabla ya chakula."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi ni mtu wa kujua. Nikisikia nusu ya jambo, nusu iliyobaki naimalizia mwenyewe, na ofisini wananifahamu hivyo. Siku ile nilisikia bakteria, nikasikia tumbo, nikatoka pale na dawa yangu kichwani: mtindi. Si ule wa pakiti, bali kivuguto halisi, mtindi wa kienyeji wa ng'ombe wanaolishwa kule juu Bugeshi. Ni mara ngapi nilikuwa nimesikia kwamba mtindi una bakteria wazuri! Na sisi ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walibaki Masisi wakaisha na vita, lakini maziwa hayakututoka. Ungeniuliza wakati ule kama nampa mama chakula pamoja na dawa, ningeapa kwamba simpi. Kwetu maziwa si chakula. Chakula ni viazi, ni maharagwe. Maziwa unampa mtu kabla hata hujamwuliza habari.

Basi kila asubuhi saa moja, kabla ya kwenda kazini, nilimletea mama kidonge kwenye kisosi na kikombe kikubwa cha mtindi, nikasimama pale mpaka amalize. Cha mchana na cha jioni navyo nilivipangia vikombe vyao. Tumbo lilifunguka kidogo, nikajisifu. Miguu ndiyo iliyokataa. Aliburuta nyayo, na kila penye mlango zilimgandia sakafuni, ikabidi nimhesabie moja, mbili, ndipo avuke. Nikaongeza mtindi.

Jumapili tu ndiyo alikuwa mtu mwingine. Mimi huimba kwaya kwenye misa ya kwanza, kwa hiyo naondoka mapema. Mama alimeza kidonge chake peke yake, kisha akaja misa ya pili kwa miguu, kitenge kimefungwa vizuri, akapanda ngazi za kanisa bila kushikwa. Niliwaambia wenzangu wa kwaya kwamba ni sala zetu. Tuliimba kwa nguvu zaidi.

Mama alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, ambaye alimwita yaya, aliyeishi Goma, upande wa pili wa mpaka, mwendo mfupi kutoka kwenye kile kivuko cha watu wa miguu. Walikuwa hawajaonana tangu mkono uanze kutetemeka, kwa sababu mama aliona haya. Siku ya Ijumaa binamu yangu akapiga simu: mama mkubwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, hali yake mbaya, na anamwita mdogo wake.

"Twende dimanshi," mama akasema, yaani Jumapili. "Dimanshi miguu yangu inanisikia."

"Mama, dimanshi niko na kwaya. Twende kesho. Yaya yako iko anakungoja."

Hakubishana. Asubuhi ya Jumamosi nilimpa vikombe viwili, apate nguvu.

Tulipanga mstari pamoja na wanawake wenye mabeseni ya nyanya na kabichi. Vitambulisho vikakaguliwa, tukapewa kijikaratasi cha kuvukia. Zilikuwa zimebaki hatua kama thelathini. Mbele ya kizuizi mama akasimama, na nyayo zikaganda.

Nilimhesabia. Moja, mbili. Magoti yalitetemeka lakini viatu havikutoka ardhini. Nilihesabu tena, kwa sauti, na nyuma yetu watu wakaanza kulalamika. "Mama, sogea basi, soko inatupita!" Askari akaleta kiti. Mwanamume mmoja mlemavu, mwenye baiskeli ya magurudumu matatu iliyosheheni vitunguu, akasukuma gunia pembeni ili ipatikane nafasi.

"Mama, panda, nitakufikisha. Hata feza sitaki."

Mama alimshukuru, akakataa. Alinivuta karibu na mdomo wake, maana sauti ilikuwa imebaki ndogo. "Siwezi kuingia kwa yaya yangu kama muzigo ya vitunguu. Atalia. Turudi, mutoto yangu. Kesho ni dimanshi."

Nilimkasirikia. Nilimwambia mbele za watu kwamba ana kiburi, kwamba dada yake anakufa naye anachagua usafiri. Kurudi nyumbani tulikwenda polepole, mimi mbele, yeye nyuma.

Kesho yake simu ya binamu ilinikuta nimetoka tu kuimba. Mama mkubwa alikuwa amefariki alfajiri. Nilisimama mlangoni mwa kanisa kumsubiri mama, na nikamwona anakuja kwa hatua ndefu, amevaa viatu vyake vya safari, mkononi kikapu kidogo chenye zawadi ya dada yake. Alikuwa tayari kwa Goma. Alipouona uso wangu akaweka kikapu chini.

Maziko yalikuwa Jumatatu. Asubuhi hiyo nilimletea kikombe kama kawaida, na miguu ikakataa kama kawaida. Nilikwenda bila yeye.

Mwezi ule ule tulirudi kwa daktari. Aliuliza mama anameza vidonge na nini. "Na mtindi," nilijibu kwa fahari. "Kwa ajili ya bakteria, kama ulivyosema kuhusu tumbo."

Aliweka kalamu mezani. Alieleza bila ukali kwamba dawa hii hupenya ukuta wa utumbo kwa njia ileile inayopitisha protini, na maziwa yana protini nyingi. Vikikutana, dawa inachelewa, na nyingine haifiki kabisa. Mtindi si sumu, mama aendelee kuunywa, ila mbali na kidonge. Nilimwuliza kuhusu Jumamosi ile. Alisema hawezi kuapa kwamba ni mtindi tu, ugonjwa wenyewe hugandisha miguu. Najua alinihurumia. Haikunisaidia.

Tuliporudi nyumbani nilimweleza mama kila kitu, nikilia. Alinisikiliza, mkono ukicheza juu ya paja.

"Nilikuwa naona," akasema. "Dimanshi nakunywa na maji, miguu inafunguka. Siku ingine hapana."

"Uliona, na ukanyamaza? Juu ya nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unaniletea na mikono mbili."

Nilikasirika upya, nikatoka nje nikasimama uani. Kikombe cha maziwa kinacholetwa kwa mikono miwili hakirudishwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo nikiwa mdogo, na alinichapa siku niliyokirudisha kwa bibi. Sikuwa na mtu wa kumlaumu zaidi yangu. Ningeuliza mara moja tu, kama alivyouliza daktari, ingetosha.

Siku hizi saa moja asubuhi namletea kidonge na maji. Kisha tunakaa nusu saa bila kikombe kati yetu, na siku za mwanzo hatukujua mikono tuiweke wapi. Wiki ya tatu tulikwenda Goma kuliona kaburi. Haikuwa Jumapili. Kwenye kizuizi nilianza kumhesabia, moja, lakini mama alikuwa ameshapita.

Nilimkuta upande wa pili amesimama, amegeuka, anatazama pale tulipotoka, kile kiti cha askari na mstari wa wanawake wenye mabeseni.

"Kumbe iko karibu hivi," alisema.