Kinga ya Mashine ya Pili

Nilikuwa afisa usalama wa kiwanda cha samaki kwa miaka minne. Kiwanda kilikuwa ufukweni mwa ziwa, nje kidogo ya mji, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watu wanaingia na viungo vyao na kutoka navyo. Hivyo ndivyo nilivyowajibu walioniuliza, na kwa kawaida walicheka.

Tulikuwa na mashine tatu za kuchuna ngozi. Mnofu wa sangara unawekwa juu ya rola, unakutana na kisu, ngozi inabaki huku na nyama inatokea kule. Juu ya kisu hukaa bati la chuma tuliloliita kinga, la kuzuia vidole visimfuate samaki. Kinga ikiwepo, mnofu mnene hukwama, na mtu hulazimika kuzima mashine na kuanza upya. Ikiondolewa, kazi inakwenda mbio.

Meneja wa uzalishaji aliagiza kinga ya mashine ya pili iondolewe tulipokuwa na oda kubwa ya nje. Fundi aliifungua mbele yangu akaiegemeza ukutani. Nilimfuata meneja ofisini kwake nikamwambia jambo lile si sawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba wiki ikiisha itarudishwa. Nikasema, "Haya." Wiki ikaisha. Kinga ikabaki ukutani na watu wakaanza kutundika aproni zao juu yake. Kila siku nilipita pale na karatasi zangu za ukaguzi, mpaka nikaacha kuiona.

Kwenye mashine ya pili alisimama mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Ukerewe, mjane, aliyeishi Mkuyuni na watoto wake watatu. Alianza kazi pale kabla yangu na kabla ya meneja. Siku ya ajali ilikuwa kama saa nne asubuhi. Sikusikia ukelele. Nilisikia mashine ikibadili sauti kama inavyofanya ikikutana na mfupa, halafu mtu wa mashine ya tatu akabonyeza kitufe chekundu. Mama alikuwa amesimama wima, akiutazama mkono wake wa kulia. Glavu ilikuwa imekwenda, na vidole viwili vilikwenda nayo.

"Jamani," alisema, "samaki watachafuka."

Tulimpeleka hospitali. Niliporudi ilikuwa saa ya chakula. Nilichukua wali na maharage, nikakaa, nikangoja nishindwe kula. Sikushindwa. Nilimaliza sahani.

Alasiri meneja akaniita. Fomu ya taarifa ya ajali ilikuwa mezani.

"Andika kwamba aliondoa kinga mwenyewe ili amalize haraka," alisema.

"Hakuiondoa yeye."

"Najua. Lakini niambie, nani anaumia? Fidia atapata vilevile, watu wa fidia hawaulizi kosa lilikuwa la nani. Matibabu tunalipa. Akipona tunampa kazi nyepesi, hatumtupi. Ila wanunuzi wakisoma kwamba ni sisi, oda inahamia kwingine. Hao kina mama wote mle ndani tutawaambia nini?"

Nilitafuta mahali pa kumpinga nisipaone upesi. Kila alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa kile alichotaka niandike. Nikavuta kiti nikaandika. Haikuchukua hata nusu saa.

Mama alirudi baada ya wiki kadhaa, mkono ukiwa bado na bandeji. Ilibidi asaini taarifa ile, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsomea. Nilipofika kwenye maneno "aliondoa kinga kwa hiari yake, kinyume cha mafunzo", akaniinulia kiganja kile kizima.

"Mimi niliondoa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Nani ameandika?"

"Ofisi," nikasema.

Akanitazama. Nadhani alingoja niseme kitu kingine.

"Na nisiposaini?"

"Sijui."

Nilijua. Kazi nyepesi isingekuwepo. Yeye pia alijua, maana aliomba kalamu. Alisaini kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, nami nikamshikia karatasi isiteleze. "Asante, mwanangu," alisema, kwa ajili ya kushikiwa karatasi.

Wakamweka mlangoni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, agawe mabuti.

Kila Jumatatu niliwafundisha wafanyakazi wapya. Meneja akaona tukio lile lingefaa kuwa mfano, kwa sababu watu huelewa zaidi jambo la karibu. Basi nikawa nalisimulia. Chumba cha mafunzo kilitenganishwa na rafu za mabuti kwa ukuta wa mbao nyembamba, na sauti yangu ni kubwa. Nilisimulia jinsi mfanyakazi mzoefu alivyoondoa kinga kwa haraka zake, na kilichompata. Jumatatu moja msichana mmoja aliuliza kama huyo mama alikuwa amelewa. Watu wakacheka.

"Hapana," nikasema, "haraka tu." Nikaendelea na mtungi wa kuzimia moto.

Ningependa kusema kwamba nilikosa usingizi. Nililala vizuri. Niliishi Buzuruga, na asubuhi niliamshwa na wapiga debe wa stendi, nikaoga, nikaenda kazini. Kama kulikuwa na kitu ndani yangu kilichouma, kilikuwa kimekufa ganzi mapema kuliko nilivyoweza kukitambua. Kila nilipopita mlangoni nilimwamkia mama, "Shikamoo," naye akajibu, "Marahaba," na kunipa mabuti ya saizi yangu bila kuuliza.

Ikapita miezi. Asubuhi moja, badala ya kunipa mabuti, aliendelea kuyashika.

"Binti yangu mkubwa ameniuliza kwa nini nilitoa lile bati," alisema. "Kasikia kwa jirani. Jirani ameanza kazi hapa juzi, wewe ndiye umemfundisha."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nilikuwa na haraka."

Akanipa mabuti na kumgeukia mtu mwingine.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilikwenda kwake Mkuyuni. Nyumba ilikuwa juu kilimani, kati ya mawe. Binti alikuwa anafua nje. Mama alinikaribisha ndani na kuniwekea kiti. Nikamwambia nilikuwa tayari kwenda kwa wakaguzi wa serikali kueleza ukweli wote. Alinisikiliza kama meneja alivyonisikiliza siku ile, mpaka mwisho.

"Ukienda huko, mimi na wewe hatuna kazi," alisema. "Wewe umesoma, utapata nyingine. Mimi nitapeleka wapi mkono huu? Usiende."

"Basi nifanye nini, mama?"

"Niandikie karatasi. Si ya serikali. Ya mwanangu."

Akachana ukurasa kwenye daftari la shule la mtoto. Niliandika aya moja na kumpa. Aliisoma polepole, akifuatisha mistari kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Hapa umeandika 'kinga iliondolewa'. Iliondolewa na nani?"

Nikaongeza: na fundi, kwa amri ya meneja.

Akasoma tena. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Hujaandika."

Nikaandika kwamba nilikuwepo, kwamba niliona, na kwamba taarifa ya kwanza ilikuwa ya uongo na niliiandika mimi. Karatasi ilikuwa imechafuka kwa maneno niliyokata na kuongeza. Akachana ukurasa mwingine, nikanakili yote upya na kusaini. Kisha akamwita binti yake, akamwambia asome kwa sauti.

Binti alifuta mikono kwenye kanga, akasoma yote bila kusita. Alipomaliza alinigeukia.

"Kwa hiyo ile nyingine uliandika wewe?"

"Ndiyo."

Akampa mama yake karatasi na kurudi kwenye nguo zake. Mama akanisindikiza hadi njiani. Hatukuzungumza kitu cha maana, nadhani aliulizia habari za wazazi wangu.

Kesho yake nilifundisha kama kawaida, ila mfano wa mashine ya pili niliuruka. Hakuna aliyegundua. Baada ya wiki chache meneja akaniuliza mbona sisimulii tena, nikasema muda hautoshi. Akampa mtu mwingine mafunzo yale, na huyo akausimulia mfano ule vizuri kuliko mimi. Kinga yenyewe ilirudishwa siku mbili kabla ya ujio wa wageni kutoka kwa wanunuzi.

Mama aliendelea na kazi ya mlangoni. Mimi niliondoka mwaka uliofuata, kwa hiari yangu, nikapata kazi upande wa pili wa ziwa, karibu na Busisi. Meneja aliniandikia barua ya kunitambulisha kwa waajiri. Ilisema mimi ni mtu mwaminifu, makini, nisiye na matatizo na mtu. Nimeitumia mara mbili.