Nyanya za Kijani Zilizompeleka Ogutu Ndani

Mume wangu alikamatwa kwa sababu ya nyanya ambazo hazijaiva.

Chekeni tu. Hata mimi ningecheka kama yasingenikuta.

Ilikuwa 1976, tunakaa Kasubi, mtaa wa Kampala. Ogutu alikuwa fundi wa magari, Mkenya, na mwaka ule serikali ya Uganda ilikuwa imekosana na Kenya, Mkenya wa Kampala alitembea roho mkononi.

Mimi nilikulia Molo, kwenye baridi ya milimani. Kule nyanya ina muda mchache mno. Baba alitufundisha kuotesha miche kwenye makopo kando ya jiko, kukata vilele isipoteze muda ikirefuka, na zikishanenepa, kuzichuma kabla baridi haijaziunguza. Unafunga moja moja kwenye gazeti, unaweka sandukuni chini ya kitanda. Zinaivia humo.

Sasa Kampala kuna baridi gani? Nani alinituma nichume mapema zile za bustani yangu? Mazoea tu! Mkono ulienda wenyewe.

Jirani yangu Anena, mke wa mwanajeshi, alichungulia dirishani akaniona nikizifunga. Tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Alishaniita jasusi mara mbili mbele za watu.

Kesho yake asubuhi askari watatu wakavunja mlango.

"Iko nini kwa sanduku?" akafoka Sajini Kamis. "Nyinyi naficha chakula, nafanya magendo, raia nakufa njaa!"

"Afande, ni mbichi. Nangoja ziive."

"Nyanya naiva chini ya kitanda? Wewe nafikiri mimi mjinga?"

Wakambeba Ogutu, na sanduku pia.

Nikawafuata mbio mpaka kituoni kwao, nikapiga magoti.

"Afande, nipe wiki moja! Zikiwa nyekundu, ujue nimesema kweli, uniachie mume wangu."

Kamis akacheka. "Sawa. Kama naoza, bwana yako kwisha."

Wiki ile nilisali kwa ajili ya nyanya, jamani. Nyanya!

Siku ya saba sanduku likafunguliwa mbele yangu. Nyekundu zote! Nikapiga kigelegele. Ogutu alisimama pembeni, jicho moja limevimba, lakini alitabasamu.

Kamis akachukua moja, akaing'ata, akafuta midomo.

"Mama, wewe nasema kweli. Naiva."

"Asante afande! Asante sana!"

"Basi sasa hii ni ya kuuza. Wewe naficha mpaka iive, halafu napeleka kwa magendo. Wewe mwenyewe nasema hapa, mbele ya mimi."

Wakamrudisha Ogutu ndani. Sijamwona tena hadi leo.

Jioni ile Anena alikuwa anakaanga nyanya. Harufu ilinifikia jikoni kwangu. Sijamsamehe, na msiniambie nimsamehe.

Ila ninyi mnaosoma, shikeni hili. Mtu aliyekwisha kukuhukumu usimwombe mtihani. Maswali ni yake, majibu ni yake, na mimi nilikwenda kumpigia magoti anipe.