Kumbe ufunguo ulikuwepo, Mize

Akili yangu haijakubali. Juzi alasiri nimetoka mlangoni na mtoto mgongoni, nasikilizia filimbi yako, ndo nikakumbuka kwamba tumeshakuzika.

Kwa wasiomjua: Mize ni shoga yangu tangu utotoni, chuoni tukisomea msahafu mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwachezesha watoto wa kike wa mtaa wetu, nage na mpira wa pete, kila jioni, bila ya kulipwa na mtu. Gari imemgonga barabara ya Ole.

Naandika na hasira. Mtanisamehe.

Sie tulikuwa na kiwanja, hapo nyuma ya chuo cha Kurani. Watoto wote wa mtaa wamekulia pale. Ukifika msimu wa karafuu watoto wanatoka, watu wanatandika majamvi, wanaanika. Karafuu zikikauka majamvi yanakunjwa, watoto wanarudi. Hakuna aliyeandikiana na mtu. Ndivyo tulivyokuta.

Akaja Bwana Faki, mwenye mashamba yake. Akaomba amwage sakafu ya saruji, karafuu zisishike mchanga. "Na watoto watacheza pazuri zaidi," akasema. Watu wakaitikia inshallah, tena wengine wakambebea mchanga. Nani Pemba atamnyima mtu pa kuanikia karafuu?

Msimu ukaisha. Watoto hawajarudi, waya umezungushwa. Lango, kufuli. Ati watapasua sakafu.

Mwaka mzima sakafu ile iko tupu. Kuku wanapita chini ya waya, watoto wetu hawapiti.

Wavulana wakapanda baiskeli zao wakaenda kiwanja cha mbali. Wa kike nani atawaruhusu? Wakabaki ndani, wamelala na simu za mama zao. Raya wangu akawa akipanda kilima cha kisimani anahema kama bibi kizee. Mtoto wa miaka minane.

Mize akanambia, "Shoga, mtoto asiyekimbia udogoni, ukubwani atasukumwa." Akawatoa. Pa kuwapeleka hapana, akawapeleka barabarani, pale kwenye kona.

Akisimama katikati ya lami na kanga yake nyekundu, anasimamisha magari ili watoto wamalize mchezo. Madereva wakimwita trafiki.

Siku moja mmoja akatoa kichwa dirishani: "Bi dada, barabara hii ya babako?"

"Ingekuwa ya babangu ningeshaipanda muhogo, nawe ungepita kwa miguu. Punguza mwendo, yakhe, hawa watoto wa watu."

Yule dereva alicheka mpaka akazima gari.

Aliwafundisha jambo moja kabla ya mpira: filimbi mara mbili, kila mtu mtaroni, usiangalie nyuma. Akiwakaririsha kila siku kama aya. Wenyewe wakaona mchezo.

Siku ile kulikuwa na manyunyu. Gari imekata kona kwa kasi, breki hazikushika. Filimbi ikalia mara mbili. Watoto wote mtaroni, hapana hata aliyechubuka. Aliyebaki juu ya lami ni aliyepuliza.

Tumemkimbiza hospitali, magharibi haikumkuta hai.

Msibani nikawasikia. "Ajali haina kinga." "Mwanamke barabarani alitafuta nini?" Mwengine akaniambia mie, "Ni kadari, bibi, nyamaza."

Kadari naiamini kuliko yeye. Lakini waya ule haukushuka mbinguni. Umenunuliwa dukani, ukafungwa kwa mikono ya watu, na sote tukapita tukiuangalia. Mize alimwendea Bwana Faki mara ngapi? Jibu lake moja, ufunguo hauonekani.

Basi sikilizeni. Jana siku ya kumsomea hitma nyumba ya kina Mize haikutosha watu. Bwana Faki akaja mwenyewe, kwa adabu, kanzu imepigwa pasi, akasema wageni wakae kwenye sakafu yake. Akatia mkono mfukoni. Kufuli likafunguka mara moja, halikukwama hata kidogo.

Kumbe ufunguo ulikuwepo. Ulingoja wewe ufe, Mize.

Nilitaka nimwambie neno, nikameza kwa heshima ya msiba.

Watu wamekwisha kula, wanaume wameondoka, sie tunakusanya masahani. Nageuka namuona Raya kaingia na wenziwe, miguu mitupu, filimbi yako shingoni. Wakaanza nage pale pale, majamvi hayajakunjwa.

Bwana Faki akarudi na kufuli mkononi. "Haya, watoto, tokeni sasa."

Bi Time, mama yake Mize, akaenda akakaa kitako langoni. Katikati kabisa.

"Bwana Faki, ukija na karafuu zako tutawatoa watoto, kama zamani. Zikikauka watarudi, kama zamani. Sasa karafuu ziko wapi?"

"Bi Time, mimi sakafu yangu..."

"Sakafu yako, baba. Ardhi ya chini yake ya nani?"

Nikenda nikakaa ubavuni mwake, na mtoto wangu. Wakaja na wengine, na mikono ya mafuta ya pilau. Bwana Faki akasimama, akatutazama, akalitia kufuli mfukoni. "Nitafikiri," akasema, akenda zake.

Afikiri. Sie leo alasiri tupo langoni tena, na kesho. Mwenye binti ndani amlete, na asiye na binti aje akae. Kukaa tu, jamani, hata mie naweza.

Mize, kanga yako nimeifua, haiendi tena barabarani. Raya anapuliza filimbi vibaya, lakini anapuliza, na hapana anayekimbilia mtaroni.

Mungu akulaze pema, shoga. Pumzisha miguu. Watoto wako kiwanjani.